Kabla ya Kupiga Windows Upya: Kutafuta Hitilafu za Mashine Pepe kwenye Kompyuta za Mac

Mada kwa mafundi wa kompyuta na wenye steshenari wa Kinondoni na Temeke



Fundi wa kompyuta wa Mbagala au Tegeta anajulikana kwa dawa moja: kupiga Windows upya. Laptopu ikiganda, anapiga Windows. Printa ikigoma, anapiga Windows. Kwa laptopu za mitumba tulizozoea, dawa hiyo imesaidia mara nyingi, hasa mteja anapokuwa hana kitu cha maana ndani zaidi ya picha za harusi ambazo tayari zipo kwenye simu. Sasa zinaingia mezani kwetu Mac ambazo ndani yake kuna Windows inayokaa kama programu, yaani kwenye mashine pepe, na hapo ndipo dawa hiyo inapoteketeza mali za watu.

Sababu ni moja. Windows iliyomo kwenye mashine pepe ni faili tu kwenye diski ya Mac. Ukitumia Parallels, faili hilo huishia na .pvm; VMware Fusion, .vmwarevm; UTM, .utm. Mfumo mzima, vitabu vya hesabu vya miaka mitatu, orodha ya wadeni, vyote vimo humo. Faili hilo linaweza kunakiliwa likiwa zima hata pale Windows yenyewe inapokataa kuwaka, jambo ambalo laptopu ya kawaida haikupi kirahisi. Kwa hiyo fundi anayefomati kabla ya kunakili ametupa nafasi aliyopewa bure. Hoja yangu leo ni kwamba nakala itangulie, kisha hitilafu itafutwe tabaka kwa tabaka: Mac yenyewe, macOS, programu mwenyeji inayobeba mashine pepe, Windows, na mwisho programu ya mteja. Kwa kawaida tabaka linaloumwa ni moja, na mara nyingi si Windows.

Windows ya nini?

Swali hili liulizwe kabla ya kufungua begi. Mtu amenunua MacBook ya mtumba Kariakoo kwa sababu inapendeza na betri inakaa, halafu ameambiwa na jirani kwamba kazi za ofisi zinataka Windows. Ritani za TRA zinawasilishwa kwa kivinjari. Usajili wa BRELA ni kwa kivinjari. Zabuni za serikali zilizohamia mfumo wa NeST mwaka 2023 nazo ni kwa kivinjari. Mteja wa namna hiyo hahitaji mashine pepe, anahitaji Chrome na dakika kumi za maelezo. Kumuuzia Windows ni kumbebesha mzigo wa diski, bando na leseni ambao hautamrudishia chochote.

Wanaobaki ni wale wenye shida ya kweli. Tally haina toleo la Mac. Microsoft Access haina. Revit na Civil 3D, ambazo wachoraji na wapimaji wetu wanazitegemea, hazina. Hao ndio tunaowazungumzia.

Chipu kwanza

Bofya tufaa lililo juu kushoto, ufungue maelezo ya kompyuta. Ukiona neno "Processor" na jina la Intel, uko kwenye Mac za kizazi kilichoanza 2006. Ukiona neno "Chip" na M1, M2 au zaidi, uko kwenye kizazi kilichoanza Novemba 2020. Hakuna jambo lingine katika kazi hii linaloamua mengi kama hilo.

Flashi ya Windows 10 inayozunguka mitaani kwetu imetengenezwa kwa prosesa za Intel na AMD. Ichomeke kwenye mashine pepe iliyo ndani ya M1, utapata skrini nyeusi yenye maandishi machache meupe, au programu mwenyeji itakataa waziwazi. Kuna mafundi waliowaambia wateja kwamba Mac imekufa kwa sababu ya skrini hiyo. Haijafa. Chipu za Apple ni za jamii ya ARM, na zinataka Windows 11 ya ARM, ambayo Microsoft ilianza kutoa faili lake la usakinishaji hadharani Novemba 2024. Rosetta, inayowezesha programu za zamani za Mac kufanya kazi kwenye M1, haibebi Windows nzima ya Intel. UTM inaweza kuiga prosesa ya Intel, lakini polepole mno: kwa mwendo huo mhasibu atafunga hesabu za mwezi huu mwezi ujao ukiwa umeshaisha.

Boot Camp, iliyogawa diski ili Mac iwake moja kwa moja kwa Windows, ipo kwa Intel peke yake. VirtualBox nayo, hadi toleo la 7.1 la mwaka 2024, ndipo ilipoanza kubeba mashine pepe kwenye chipu za M, na ni za ARM tu. Fusion imekuwa bure kwa matumizi yote, hata ya biashara, tangu Novemba 2024, ingawa wamiliki wake, Broadcom, watakutaka ufungue akaunti kabla ya kuipakua. Parallels ni ya kulipia. Februari 2023 Microsoft iliitambua rasmi kwa kuendesha Windows 11 ya ARM. Programu mwenyeji ikiwa bure haina maana Windows nayo ni bure. Leseni yake ni jambo jingine, na mteja aambiwe hivyo mapema.

Draiva, hapo ndipo penye kazi

Chukua duka la vifaa vya ujenzi lenye MacBook Air ya M1, Windows 11 ndani ya Fusion, na programu ya hesabu ambayo leseni yake imo kwenye kijiti cha USB. Programu inafunguka, inaonyesha nembo yake, halafu inasema haioni leseni. Fundi wa kwanza kapiga Windows upya. Wa pili naye vilevile. Kijiti bado hakionekani.

Windows ya ARM ina mtafsiri ndani yake. Programu iliyoandikwa kwa Intel, iwe ya biti 32 au 64, inatafsiriwa wakati inapokimbia, na mara nyingi mtumiaji hahisi tofauti. Lakini draiva hazitafsiriwi. Draiva inakaa kwenye kiini cha mfumo, na hapo panatakiwa msimbo wa ARM halisi. Kama mtengenezaji wa kijiti, wa printa ya risiti, wa mizani au wa kisoma vidole hakutoa draiva ya ARM64, hakuna fundi wa Temeke wala wa California atakayekilazimisha kufanya kazi. Baadhi ya antivirusi na programu za VPN zinakwama kwa sababu hiyohiyo, maana nazo huja na draiva zao.

Lakini usikimbilie kuilaumu draiva. USB haiwezi kuhudumia pande mbili kwa wakati mmoja: ama imeshikwa na Mac, ama imepelekwa Windows. Fungua menyu ya vifaa vya USB kwenye programu mwenyeji, uone kifaa kimeunganishwa upande gani. Kikiwa upande wa Windows na bado kina alama ya pembetatu ya njano kwenye orodha ya vifaa, hapo ndipo useme draiva.

Njia za kupita zipo. Printa yenye Wi-Fi au waya wa mtandao huepusha habari za USB. Printa ambayo Mac yenyewe inaitambua inaweza kupitishwa kwa Windows kupitia kwa mwenyeji. Wauzaji wengine wa programu hukubali kubadilisha leseni ya kijiti iwe ya mtandaoni, ukiwaandikia kwa adabu na namba ya leseni mkononi. Zikishindikana zote, mwambie mteja ukweli: laptopu ndogo ya mtumba yenye Windows, kwa kazi hiyo moja, itamgharimu kidogo kuliko wewe kukaa na Mac yake wiki mbili.

Umeme ukikatika

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Windows imegoma."

"Ukiwasha inakuambiaje?"

"Inaniandikia Kizungu, halafu kimya."

"Jana umeme ulikatika ukiwa unafanya kazi?"

"Ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Na hii betri yake ndiyo hivyo tena."

Maelezo hayo yanatosha kuanza nayo. Mgao uliotusumbua mwishoni mwa 2023 ulilegea baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024, lakini transfoma ya mtaani haina habari za bwawa. Mac mini haina betri kabisa. MacBook ya mtumba ina betri ambayo pengine imeshachoka. Umeme ukiondoka ghafla, mashine pepe inabaki na vitu viwili vinavyoizuia kuwaka.

Cha kwanza ni kufuli. Programu mwenyeji huweka alama kwamba faili linatumika, ili nakala mbili zisiandike juu ya diski moja. Umeme ukikatika, alama inabaki, na asubuhi unaambiwa mashine inatumika na mtu mwingine. Kwenye Fusion, funga programu yote, nakili faili zima, kisha bofya kulia ufungue yaliyomo ndani yake. Utaona folda zinazoishia na .lck. Hizo ndizo za kuondoa, na si kingine chochote humo.

Cha pili ni hali iliyohifadhiwa. Watu wengi hawazimi Windows, wanaisimamisha tu ili kesho waendelee pale walipoishia. Hali hiyo ikiandikwa nusu, Windows hukwama kila inapoamka. Kuitupa hali hiyo ni sawa na kuchomoa waya: kazi ambayo haikuhifadhiwa itapotea, lakini diski inabaki. Mweleze mteja hivyo kabla hujabofya. Windows ikishawaka, endesha chkdsk C: /f, uiwashe upya, ndipo ufungue programu ya hesabu. Kuanzia hapo mteja azoee kuizima kabisa jioni.

Hapohapo angalia faili za hesabu zinakaa wapi. Parallels na Fusion hurahisisha kuona folda za Mac ndani ya Windows, na wengi huweka humo hifadhidata hai. Folda hizo ni nzuri kwa barua na picha. Hifadhidata inayofunguliwa na kuandikwa kila sekunde ikae kwenye C: ya Windows, na nakala ya akiba pekee ndiyo ipelekwe upande wa Mac.

Diski na bando

MacBook Air yenye GB 256 inajaa haraka. Diski ya Mac ikijaa, Windows husimama au hukataa kuamka, ingawa ndani yake inaonyesha nafasi tele. Nafasi hiyo ni ya makaratasi, haipo kwenye diski halisi. Ukiona mashine pepe ina picha za hali za zamani (snapshots), zifute kupitia menyu ya programu mwenyeji. Ukifuta kwa mkono vipande vya diski vilivyo ndani ya faili, umekata mnyororo, na Windows haitarudi. Kufuta vitu ndani ya Windows nako hakupunguzi ukubwa wa faili papo hapo. Lazima umwambie mwenyeji airudishe nafasi.

Bando lina hadithi yake. Mteja wa Bunju au Chamazi anatumia hotspoti ya simu. Mac inatambua kwamba hiyo ni simu na inaweza kuwekwa katika hali ya kubana matumizi. Windows iliyo ndani haitambui chochote. Inaona waya wa mtandao, maana ndivyo mashine pepe inavyojitambulisha kwake, na waya kwa Windows ni mtandao usio na kipimo. Basi inaanza kupakua masasisho kwa amani. Mteja analaumu kampuni ya simu. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, chagua Ethernet, washa "Metered connection". Kazi ya nusu dakika, na ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mteja atakushukuru hadi mwisho wa mwezi.

Kuna mwizi wa pili wa bando. Kama faili la mashine pepe limewekwa kwenye Documents, na iCloud imeruhusiwa kupandisha folda hiyo, GB zake zote zitataka kupanda mtandaoni. Lihamishe nje ya folda hiyo wakati Windows imezimwa. Time Machine nayo huweza kunakili faili zima upya kwa badiliko dogo tu, kwa hiyo itenge na uweke ratiba ya nakala kwa mkono.

Kwenye mtandao wa ndani, anza na hali ya kushirikiana intaneti na Mac. Hali ya daraja, ambapo Windows inapata anwani yake yenyewe, inafaa ofisi yenye ruta. Juu ya hotspoti mara nyingi haipati kitu. Saa ikichelewa baada ya mashine kusimamishwa siku nyingi, tovuti salama zitakataa kufunguka. Irekebishe, na usishangae kwamba majira ya Dar es Salaam ndani ya Windows yameandikwa Nairobi. Ramu: kwa Mac ya GB 8, ipe Windows GB 4 na usizidishe, maana Mac yenyewe nayo inakula.

Funguo na siri

Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na programu mwenyeji huitengeneza ya bandia. Kwenye Fusion, hilo linaambatana na kufunga mashine kwa nenosiri. Nenosiri likipotea, mashine inaweza kupotea nalo. Vilevile Windows iliyofungwa kwa BitLocker, ukiihamishia Mac nyingine, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyesakinisha. Mara nyingi aliyesakinisha ni fundi, kwa barua pepe ya fundi. Tuache tabia hiyo. Akaunti iwe ya mteja, na nenosiri liandikwe kwenye karatasi yake, mbele yake.

Na ile nakala tuliyoanza nayo, iliyobeba mishahara na madeni ya watu, haina haki ya kubaki kwenye diski ya fundi baada ya kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatugusa na sisi wa vibanda. Mteja akishathibitisha kwamba vitabu vyake vimefunguka na tarakimu ziko sawa, ifute akiwepo, umwage na pipa la takataka la Mac papo hapo, kwa sababu faili la GB 80 lililomo kwenye pipa bado lipo na bado linasomeka.