Siku 21 bila kazi, kibarua atakula nini?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wa Karagwe na Kyerwa)



Magonjwa ya mlipuko sisi wa Kagera hatusimuliwi. Machi 2023 Marburg ilizuka Bukoba Vijijini: wagonjwa 9, wakafa 6, akiwemo mhudumu wa afya. Januari 2025 ikaibuka tena Biharamulo. Walihesabiwa wagonjwa 10, wakafa wote.

Kila ikizuka tunaambiwa: nawa mikono, ukipata homa wahi hospitali, ukimgusa mgonjwa kaa siku 21 uangaliwe. Ushauri huo ni mzuri, siupingi. Nauliza tu: siku hizo 21 mkungu wa ndizi atanunua nani? Kodi ya chumba je?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika miezi 36. Siku 63 analipwa mshahara kamili, 63 nusu. Lakini kwa kawaida kwanza atimize miezi 6 kazini.  Mpakia magunia wa kutwa hayumo. Bodaboda wa Omurushaka anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, naye hana wa kumlipa akilala.

Basi kibarua anameza vidonge, anaingia kazini na homa yake. Tusimwite mjinga. Anaogopa njaa kuliko Marburg, na hapo ndipo ugonjwa unapopata njia.

Wachimba bati wa Kyerwa, sikilizeni. Mwaka 2007, ng'ambo hapo Uganda magharibi, wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua Marburg, na popo wa mgodini wakakutwa na virusi vyake. Shimo lenye popo msiliingie. Na vifaa vya kinga si hisani ya tajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka avitoe.

Serikali nayo iseme mapema. Katikati ya Januari 2025 Wizara ya Afya ilisema vipimo vya Biharamulo havikuonyesha Marburg. Januari 20 Rais Samia akatangaza kuwa ipo. Siku hizo za katikati mlalahoi alikuwa kazini, hajui lolote.

Halmashauri zetu zitenge fungu la chakula kwa kila anayewekwa chini ya uangalizi. Matajiri wa kahawa na bati wachangie. Diwani akija kuomba kura, msimuulize fulana wala kofia. Muulizeni habari ya siku 21.