Baba Anatetemeka: Tufungie Kinga Yake?

Leo hatutasema juu ya kilo za watoto wala juu ya chanjo. Tutasema juu ya wazee wetu, kwa sababu ninyi njo munawapikia, munafua nguo zao, na munaona wa kwanza kama mwili wao unabadilika.

Kuna ugonjwa unaoitwa Parkinson. Jina hilo ni la muganga mumoja wa London, James Parkinson, aliyeuandika mwaka 1817. Unaanza polepole. Mara nyingi mukono mumoja unatetemeka wakati umepumzika tu, na mutu akishika kikombe unatulia kidogo. Kisha mwendo unakuwa wa pole, hatua fupi fupi, mwili unakauka, sauti inapunguka. Uso unakaa kama wa mutu mwenye hasira, na kumbe hana hasira na mutu.

Jirani wanasema: "Ule muzee bamemuloga." Wengine wanasema ni pombe. Hapana, wamama. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Hicho njo kinasaidia viungo kutii. Sehemu hiyo ikikufa kidogo kidogo, mutu anataka kutembea lakini miguu inachelewa kusikia. Ugonjwa huu hauambukizi. Mukule naye sahani moja, mumupe mujukuu amupakate. Bakubwa kwa vijana wanajua Muhammad Ali, aliyepigana ngumi Kinshasa mwaka 1974. Yeye pia waganga walimukuta na ugonjwa huu mwaka 1984, na aliishi nao miaka 32, mpaka mwaka 2016. Mwaka 1996 aliwasha moto wa michezo ya Olimpiki kule Atlanta, mikono ikitetemeka mbele ya dunia nzima. Hakujificha.

Sasa tuje kwa kinga, ile baiskeli ya baba. Wababa wengi wa kwetu walizeeka juu ya kinga. Ilikuwa kazi yao, na siku ya mungu ilikuwa pia mashindano yao na furaha yao. Ugonjwa ukifika, jamaa inafanya nini? Inafunga kinga ndani ya nyumba, ao inaiuza kwa kulipa mupfumu. Baba anabaki kwenye kiti, tangu asubuhi mpaka magaribi. Na mutu wa Parkinson akikaa hivyo, mwili unakauka zaidi, tumbo linafunga, na moyo unavunjika.

Musikilize mambo ya Uholanzi. Muganga Bastiaan Bloem na wenzake walikuwa na mugonjwa wa miaka 58, mwenye ugonjwa huu tangu miaka 10. Akitembea hatua chache, miguu inagandama chini kama imepigwa misumari, anaanguka. Lakini mutu huyu alimwambia muganga kwamba yeye anaendesha baiskeli kila siku. Nani angeamini? Wakamuletea baiskeli pale hospitali. Akapanda, akaenda vizuri, akageuka, akarudi. Aliposhuka tu, miguu ikagandama tena. Waganga waliandika jambo hilo mwaka 2010.

Sababu yake haijajulikana yote, lakini kitu kimoja kinaonekana. Pedali zinazunguka sawasawa, mguu mumoja unaita mwingine, ni kama ngoma inayopigwa. Ubongo uliopoteza mwendo wake wa ndani unashika mwendo wa inje. Njo maana mutu aliyegandama mulangoni anaweza kuondoka kama unamuhesabia moja, mbili, moja, mbili, ao kama unachora mistari chini na anairuka. Mumuimbie tu. Musimuvute kwa mukono, ataanguka.

Kule Marekani yuko Davis Phinney, mushindani mukubwa wa baiskeli. Alishinda siku moja ya Tour de France mwaka 1986 na nyingine mwaka 1987. Mwaka 2000, akiwa na miaka 40, waganga wakamwambia ni Parkinson. Hakuacha baiskeli. Mashindano alikuwa ameyaacha tangu mbele ya ugonjwa, lakini akaendelea kupanda kwa furaha. Nafikiri tofauti hiyo ni ya maana kwa wababa wetu, maana wanapenda kuonyesha nguvu mbele ya vijana.

Mama mumoja atauliza: "Na akianguka je?" Swali nzuri. Hatari kubwa iko wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Mushushe kiti mpaka miguu yote miwili ifike chini. Kinga isiyo na chuma katikati ni rahisi zaidi. Achague njia sawa, mbali na mamoto na malori, asibebe muzigo wala mutoto nyuma, na mutu amufuate. Apande saa ile dawa inafanya kazi, si wakati imekwisha mwilini. Kama muganga anakataa njia, musimamishe kinga kwa kile chuma cha nyuma kinachoinua gurudumu, mutoto ashike mbele kwa nguvu, na baba azungushe pedali pale pale uwanjani. Hata hiyo ni michezo.

Juu ya dawa: inaitwa levodopa. Haiponyeshi, lakini inalegeza mwili. Aimeze nusu saa mbele ya chakula, kwa sababu nyama na maharagi vinaizuia kuingia vizuri. Musiikate kwa mara moja, hata kama pesa imepunguka. Mukuje kwanza kutuambia, tutatafuta namna pamoja.

Kama kwenu kuna mutu anayetetemeka, mulete siku ya konsultasio na tutaangalia mwendo wake. Kama amekuja na kinga, aingie nayo mpaka uwanjani.