Timu Iliyoshuka Daraja



Huenda baadhi yenu mtashangaa kwamba asubuhi ya leo, siku ya Bwana, twataka kuzungumza nanyi juu ya kandanda. Tunawaomba mtuvumilie. Injili tuliyoichagua ni ile ya wanafunzi wawili waliotoka Yerusalemu kwenda Emau. Tulipoisoma tena habari yao, jinsi walivyotembea na nyuso zao zimejaa huzuni, huku wakirudiarudia kati yao mambo yaliyotukia, tuliwakumbuka watu tuliowaona wakitoka katika uwanja wa Mkwakwani, mjini Tanga, katika msimu wa 2015/2016. Nao walitembea wawili wawili. Nao walirudiarudia mambo yaliyotukia.

Ninyi mnaotusikiliza kutoka Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae hamhitaji kuelezwa sana. Ligi Kuu ya Tanzania Bara mwaka ule ilikuwa na timu 16, na kanuni iliagiza kwamba tatu za mwisho zishuke daraja. Mwezi Mei 2016 hesabu ilipofungwa, timu tatu zilizoshuka zilikuwa Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Zote tatu ni za mkoa wetu wa Tanga. Mkoa mwingine wowote haukupoteza hata timu moja. African Sports walikuwa wamepanda mwaka uliotangulia tu, hata hawakupata nafasi ya kuzoea kiti walichokalia. Lakini Coastal Union ni klabu iliyozaliwa mwaka 1948, ikatwaa ubingwa mwaka 1988, na watu wake hujiita Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani. Jina kama hilo ni zito kulibeba siku unapofukuzwa katika nyumba ya wakubwa.

Tutazame kwanza neno lenyewe. Neno daraja lina makazi mengi katika lugha yetu. Daraja ni lile linalotuvusha mto. Daraja ni cheo. Mtoto akimaliza shule hutangaziwa daraja alilopata, na mzazi hujua papo hapo kama atachinja kuku au atanyamaza. Nasi katika Kanisa tunayo Sakramenti ya Daraja Takatifu, na ninyi makatekista ndio mnaoifundisha: kwamba aliyewekewa mikono hupokea alama isiyofutika, wala hapana awezaye kumpokonya. Daraja la mpira si la namna hiyo. Daraja la mpira ni la kuazimwa. Timu huazimwa kwa msimu mmoja, na ufikapo mwezi wa tano mwenye mali huja kudai. Kama hukulitunza, hulichukua na kumpa jirani.

Wako wanaosema kwamba huo ni mchezo tu, kwa nini watu walie? Twasema wanaonena hivyo hawajapata kukaa Tanga siku ambayo Simba au Yanga inakuja kucheza. Nyumba za wageni hujaa tangu usiku wa kuamkia. Mama lishe huongeza sufuria. Wauza machungwa ya Muheza hupanga mafungu yao nje ya uwanja tangu alfajiri. Vijana wetu wa huku milimani huomba nafasi juu ya magari yanayoshusha kabichi na viazi, wakapite Mombo, wakapite Korogwe, wakafike Mkwakwani kabla ya filimbi ya kwanza. Na wakirudi kesho yake hawana sauti. Timu ikishuka daraja, Simba na Yanga hawaji tena. Viingilio hupungua. Fedha za televisheni hukatika. Na ili mpate kupima ukubwa wa jambo hili, mkataba uliotiwa saini mwaka 2021 kati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu na kampuni ya Azam kuhusu Ligi Kuu ulikuwa wa miaka 10 na thamani ya shilingi bilioni 225.6. Aliye ndani ya Ligi Kuu hula katika sahani hiyo. Aliye nje hunusa.

Kisha wachezaji huondoka. Tusiwalaumu upesi. Mchezaji ni mfanyakazi, ana kodi ya nyumba na ana mama kijijini, na miguu yake itamlisha kwa miaka michache tu. Akiitwa na timu ya Ligi Kuu, atafunga mzigo wake. Mwalimu wa timu naye hutafuta kazi kwingine. Viongozi, hao mara nyingi hukutana usiku kutafutana mchawi. Anayebaki ni mshabiki peke yake. Mshabiki hana mkataba, hauzwi wala haazimwi, na hakuna timu nyingine inayomtaka. Huamka asubuhi katika mji ule ule, akakutana na jirani yule yule aliyemcheka jana.

Coastal Union ilikaa misimu miwili katika Ligi Daraja la Kwanza. Ilirudi mwaka 2018, wakati Ligi Kuu ilipopanuliwa kufikia timu 20. Mwezi Julai 2022 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha, ikatoka sare ya mabao 3-3 na Yanga na kushindwa kwa mikwaju ya penalti. Na mwaka 2024 ilimaliza ligi katika nafasi ya nne, ikapata nafasi ya kucheza mashindano ya Afrika. Mtibwa Sugar, waliokuwa mabingwa mwaka 1999 na 2000, walishuka mwaka 2024 na mwaka uliofuata wakapanda. Pamba ya Mwanza, mabingwa wa mwaka 1990, walikaa nje zaidi ya miaka ishirini kabla ya kurudi mwaka 2024.

Hatuwasimulii haya ili mpate kudhani kwamba kila kinachoshuka hupanda. Huo ungekuwa udanganyifu, nasi hatukuja redioni kuwadanganya. African Sports na Mgambo, walioshuka mwaka ule ule pamoja na Coastal, hadi msimu wa 2024/2025 hawakuwa wamerudi katika Ligi Kuu. Wapo washabiki waliokwisha kuzikwa kabla ya timu zao kurudi. Mtoto wa Mwanza aliyezaliwa Pamba iliposhuka alikua, akaota ndevu, pengine akaoa, bila kuiona hata siku moja katika Ligi Kuu. Aliisikia kwa baba yake tu. Basi swali letu haliwezi kuwa timu itarudi lini. Swali letu ni tutaishije na wenzetu katika muda huo ambao haujulikani una urefu gani.

Hapo ndipo tunarudi katika njia ya Emau. Wale wanafunzi wawili walimweleza mgeni kwamba walikuwa na tumaini. Walimu wa lugha mtaona mara moja: walisema kwa wakati uliopita. Tumaini lao lilikuwa kama fulana ya timu iliyokunjwa na kutiwa chini ya sanduku. Nao walikuwa wakiuacha mji mtakatifu na kuuelekea upande usiofaa. Bwana alifanya nini? Hakusimama langoni pa Yerusalemu akawangoja wajirekebishe. Alifuatana nao katika upande ule ule waliokosea. Aliwakemea, ndiyo, Injili haifichi jambo hilo, na maneno yake yalikuwa makali. Lakini aliwakemea huku akitembea nao, na vumbi lao likiwa miguuni pake. Sisi wengi wetu hukemea tukiwa tumeketi.

Na sasa, ndugu wapenzi, hatuna budi kuungama jambo, maana si haki kuwahubiria watu wa Mkwakwani na kuficha ya nyumbani kwetu.

Katika kijiji kimoja cha parokia yetu, huku juu milimani, ipo timu ya vijana. Ni timu ya kijiji kizima. Wamo Wakatoliki, wamo Walutheri, na zaidi ya nusu ni ndugu zetu Waislamu, wala hapana anayeuliza mtu anasali wapi anapopiga krosi nzuri. Uwanja wao mnaufahamu ulivyo, kwa kuwa viwanja vyote vya Usambara ni ndugu: upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde. Mpira ukitoka upande wa bonde, mchezo husimama mpaka mtoto ateremke kuufuata katika migomba na kupanda nao tena. Timu hiyo ilikuwa imepanda kwa taabu kubwa katika ngazi ya mkoa. Mwaka jana, katika mchezo wa mwisho, ilihitaji sare tu ili isishuke.

Dakika zilikuwa zimebaki chache na ubao ulikuwa bila kwa bila. Ukungu ulianza kushuka kutoka msituni, ule ukungu wetu wa mwezi wa saba unaoweza kumficha ng'ombe. Mchezaji wa timu ngeni aliupiga mpira kutoka mbali, pengine hata hakukusudia goli. Mlinda mlango wetu, kijana wa miaka 17, mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya kigango, aliuona mpira ulipokwisha kumpita.

Kilichofuata ni aibu. Wengine walisema amehongwa. Wengine wakasema golini pamefukiwa kitu, wakaleta jembe. Walikuwapo pia vijana waliokuwa wamewekeana fedha juu ya mchezo ule, maana kamari siku hizi imepanda hata milima, nao ndio waliokuwa wakali kuliko wote. Na sisi je? Sisi tulikuwa pale, tumevaa msalaba kifuani. Tulipaza sauti, watu wote wakasikia, tukasema kwamba hata bibi kizee wa miaka tisini angeudaka mpira ule. Watu wakacheka. Twakiri kwamba kicheko kile kilitufurahisha.

Tangu siku ile kijana hakuonekana. Jumapili ya kwanza tulidhani ni mafua. Jumapili ya pili mwalimu wa kwaya alimwuliza kila mtu. Jumapili ya tatu tulikuwa tumesimama mimbarani tukitangaza michango ya paa la kigango, na macho yetu yakaenda penye nafasi yake katika safu ya nyuma. Hakuna aliyeiziba. Sauti za tatu zilikuwa zimebaki mbili, na wimbo ulikuwa umelala upande.

Jumanne tulifuatana na katekista, tukapanda kwenda kwao. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na huko juu hakuna njia ya gari. Tulipokuwa tukipanda, tulitayarisha maneno mazuri ya kumwambia, kama ilivyo desturi ya watu wa mimbari. Tulipofika uani tulimkuta bibi yake, aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi. Alikuwa amekaa juu ya kigoda akimenya viazi. Tulimwamkia kwa heshima, naye akaitikia, akatukaribisha. Kisha akatutazama kwa utulivu, akasema amesikia kwamba tulimsifu mbele za watu, kwamba yeye angeudaka ule mpira.

Ndugu wasikilizaji, maneno mazuri yote tuliyoyatayarisha yaliisha hapo. Katekista alitazama milima. Sisi tulipiga magoti katika udongo wa ule ua, tukamwomba bibi atusamehe, na yeye akatuambia kwamba si yeye wa kuombwa, aliyekosewa yuko shambani.

Tulimfuata huko. Alikuwa akipalilia viazi kwenye matuta ya chini, akatuamkia bila kuinua jembe kutoka mkononi. Tulimwambia tulilolijia, kwa maneno machache. Alisikiliza. Hakusema ametusamehe, wala hakusema hapana. Alirudi katika tuta lake na kuendelea. Hatukujua la kufanya, basi katekista aliokota jembe la pili, na sisi tukang'oa magugu kwa mikono, kwa kuwa jembe la tatu halikuwapo. Tulifanya hivyo mpaka jua lilipoegemea upande wa Mombo.

Tulipokuwa tukinawa mikono, kijana aliuliza, bila kututazama, nani atakaa golini Jumamosi katika mchezo wa kwanza wa ligi ya wilaya. Tulimjibu ukweli, kwamba timu haijapata mtu. Hakuongeza neno. Tuliagana, tukaanza kuteremka, na tulipopita tena uani tuliona glovu zake za golini zimefuliwa na kuanikwa juu ya ua wa miti, pamoja na nguo za bibi. Zilikuwa bado zinadondosha maji.