Kampuni ya Familia Inapokua

Baada ya taarifa ya habari, msikilizaji, tutupie jicho kampuni za utalii za kifamilia. Abercrombie & Kent ilianzishwa Nairobi mwaka 1962 na Geoffrey Kent pamoja na wazazi wake. Jina Abercrombie walilibuni tu, ili watangulie kwenye kitabu cha simu. Leo inapeleka wageni hadi Antaktika.

Kampuni hizi zinakuhusu vipi? Safari moja humlisha dereva, mpishi wa kambini, hata muuza mboga. Mwenye kampuni anayemjua dereva wake kwa jina humjali zaidi. Hilo naliamini kabisa. Lakini, kwa upande wa pili, magari mapya yanataka mtaji, na mwenye mtaji hudai hisa. Hata kampuni ya akina Kent hatimaye iliuza hisa nyingi kwa wawekezaji wa nje.

Je, kampuni yako ikikua, usukani utamkabidhi nani?