Hazina ya Makaratasi Katika Makanisa Makuu

(Maneno ya hotuba iliyotolewa Kangemi, Nairobi)



Ninyi mtokao Kangemi na Kawangware kwenda mjini mwalijua Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, na ujenzi ukamalizika mwaka 1952. Watu hustaajabia kuta zake. Leo nataka kuwaambieni habari za hazina nyingine itunzwayo na makanisa makuu, nayo ni makaratasi.

Huko Exeter, Uingereza, maktaba ya kanisa kuu ina kitabu kilichoandikwa kwa mkono katika karne ya 10. Askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072, ndiye aliyekiacha pale. Ndani yake mna vitendawili zaidi ya 90, wala majibu hayakuandikwa. Kimoja ni cha mdudu alaye maneno ya vitabu asizidi maarifa hata kidogo! Tena zamani watu hawakukiheshimu: kurasa za mwanzo zina alama za kisu na duara la chombo kilichowekwa juu yake, na za mwisho zimeunguzwa na moto.

Jirani zetu wa Uganda walimjua mdudu huyo mapema. Biblia ya Kiganda, iliyotafsiriwa na George Pilkington pamoja na Henry Wright Duta, ilipigwa chapa kwa umbo jembamba na nene ili ienee katika mkebe wa biskuti, mchwa wasiifikie. Watu wakaiita «Biskuti». Moto nao ni adui: mwaka 1910 radi ilipiga Kanisa Kuu la Namirembe, likateketea. Leo kumbukumbu za Kanisa la Uganda zimehifadhiwa katika chuo kikuu cha Mukono.

Pengine mtauliza, haya yatuhusu nini? Nitawajibu kwa jambo lililonipata. Baba yangu alitakiwa kuthibitisha umri wake ili apewe haki yake. Cheti cha kuzaliwa hana, ila alibatizwa utotoni. Nikaenda kanisani alikobatizwa. Likafunguliwa sanduku lililokaa sakafuni, likatolewa daftari. Jalada lilikuwa zima, lakini ndani mlikuwa na udongo mtupu. Mzee alihangaika miezi mingi kwa kukosa mstari mmoja wa wino.

Basi nawasihi, hasa ninyi wazee wa kanisa na makatibu wa vyama. Madaftari yasiwekwe sakafuni. Yatiwe katika masanduku ya bati, yapigwe picha, na nakala ikae mahali pengine. Anayetaka kuona kazi hiyo ifanywavyo na aende Nyaraka za Taifa, katika jumba lililokuwa benki, Moi Avenue.

Mdudu wa kitendawili ameshiba majina ya watu wetu wengi. Yaliyobaki tusimwachie.