Mgeni Apewe Jembe



Mwaka 1972 makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Burundi waliyakimbia mauaji nchini mwao, wakaingia Tanzania na watoto mgongoni. Je, msaada wa kimataifa uliwafaa nini?

Kazi iligawanywa. Serikali yetu ilitoa ardhi katika mapori ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitafuta fedha. Shirika la Kikristo la TCRS lilisimamia ujenzi wa barabara, visima, shule na zahanati. Posho ya chakula ilitolewa mpaka wavune. Hapo ndipo penye siri ya mafanikio: posho ilikuwa na mwisho, na jembe lilikuwa na shamba.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wale walilipokea. Walilima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakajilisha na kuuza ziada. Kufikia mwaka 1985 makazi hayo yalikuwa yamekwisha kukabidhiwa Serikali. Mwaka 2014 wengi wao walianza kupokea vyeti vya uraia.

Wako wanaodai kwamba misaada yote ni hila za mabeberu. Si kweli. Mwezi Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi. Ni kijiji gani cha Ngara kingeweza kuwalisha? Mwenye kiu hahitaji hotuba. Anahitaji maji, na mashirika yaliyaleta.

Kosa ni kuifanya siku ya kwanza idumu miaka. Mkimbizi aliyefungiwa kambini, asiyeruhusiwa kulima wala kuchuuza, humngojea mfadhili aliye mbali. Mfadhili akipunguza fungu, chungu hupoa. Hapa nasi tujikosoe. Ni kweli kwamba watu wetu wameongezeka, na hofu ya wenyeji juu ya kuni na mashamba ina msingi. Lakini nani anafaidika mtu mzima mwenye nguvu anapokaa bure?

Basi tudai mambo mawili. Mataifa tajiri yatimize ahadi zao, maana mzigo huu si wa maskini peke yao. Nasi tumpe mgeni nafasi ya kufanya kazi, ili ale kwa jasho lake kama sisi.