Faili la Skripti: Lisomwe au Litekelezwe?



Mji wa Guangzhou, kusini mwa China, ndio wenyeji wa Maonyesho ya Canton, yaliyoanzishwa mwaka 1957 na kufanyika mara mbili kila mwaka. Katika mtaa wa Xiaobei, wafanyabiashara wa Kiafrika huagiza shehena za kupeleka makwao, na ankara, orodha za bei na hati za meli hupitia barua pepe. Ndiyo sababu leo twazungumzia jambo linaloonekana dogo: programu ipi ifungue mafaili ya skripti katika kompyuta yako.

Skripti ni mfululizo wa amri ulioandikwa kwa maandishi ya kawaida. Ikifunguliwa kwa programu ya kuandikia, husomeka kama barua. Ikifunguliwa kwa programu ya kutekeleza amri, kompyuta hutii kila neno. Faili ni lile lile. Tofauti huletwa na kinacholifungua.

Dunia ilijifunza hayo tarehe 4 Mei 2000, pale kirusi kilichoanzia Ufilipino kilipoenea kwa barua pepe yenye maneno ya mapenzi. Jina la kiambatanisho liliishia kwa .TXT.vbs, lakini Windows ilificha herufi za mwisho, na wengi wakadhani ni maandishi matupu. Hata Bunge la Uingereza lilifunga barua pepe zake. Mwaka 2016, kirusi Locky kilitumia skripti za .js zilizojifanya ankara, kisha kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia.

Kinga ipo. Kwanza, iamuru Windows ionyeshe majina kamili ya mafaili. Pili, tengeneza faili tupu lenye jina linaloishia kwa .js, bonyeza juu yake kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kulifungua kwa programu nyingine, kisha Notepad, na uthibitishe iwe hivyo daima. Fanya vivyo hivyo kwa .vbs. Fundi anayezihitaji skripti hizo bado ataweza kuziendesha kwa kuandika amri mwenyewe. Microsoft ilifuata busara hiyo hiyo ilipotoa PowerShell mwaka 2006: kubofya faili lake mara mbili hakuliendeshi.

Wenye Windows 11 wasichanganye mambo mawili. Kuchagua programu ya terminali katika mipangilio hubadili dirisha ambamo amri huonekana tu. Hakuzuii amri kutekelezwa. Nayo mafaili ya .bat huendelea kutekelezwa, hivyo tahadhari ibaki pale pale.

Mfanyabiashara hafungui mlango wa ghala kabla ya kumjua anayebisha. Kiambatanisho nacho ni mgeni mlangoni.